MOTOKAA ILIAYO NA KUNYAMAZA
Somo la kutafuta chanzo cha mlio usiodumu

Wasomaji wetu wengi siku hizi wana motokaa, au husafiri kwa motokaa ya jirani, ya shule au ya zahanati. Katika vijiji vingi motokaa moja ndiyo ichukuayo mgonjwa usiku, ndiyo iletayo mbolea, na ndiyo ipelekayo wazee penye msiba. Kwa hiyo maarifa ya kuitunza si kazi ya fundi peke yake. Yampasa kila aiendeshaye, na hata apandaye tu, kuyajua kidogo.

Leo twataka kusema juu ya jambo moja lisumbualo sana, nalo ni mlio mwembamba, kama wa panya au wa filimbi, ambao husikika mara hii na kutoweka mara ile. Motokaa ikilia siku zote, fundi ataisikia na kupafuata mahali penyewe. Lakini mlio usiodumu una tabia ya mtoto mtundu: mbele ya wageni hunyamaza kimya, na wageni wakienda zao huanza tena. Mwenye motokaa huonekana kama mtu asemaye yasiyokuwako, na fundi naye hubahatisha. Kubahatisha huko hula fedha za watu, na pengine hula roho zao.

YALIYONIPATA MIMI MWENYEWE

Mimi niandikaye haya ni mwalimu katika Mkoa wa Iringa, nami nina motokaa ndogo ambayo niliinunua ikiwa imekwisha kutumika. Mwaka mmoja, mwezi wa Juni, ilianza kulia upande wa mbele: wii, wii, wii. Nikaipeleka kwa fundi. Akawasha injini, akasikiliza, asisikie kitu. Akaniambia, "Mwalimu, mkanda wako umezeeka. Mlio wa namna hiyo ni wa mkanda." Nikanunua mkanda mpya. Siku ya tatu mlio ukarudi.

Nikaenda kwa fundi wa pili. Yeye aliinua gurudumu la mbele la kushoto, akalitikisa, akasema kwamba beringi imechakaa. Nikanunua beringi. Safari hii mlio ulinyamaza juma zima, nami nikamshukuru Mungu. Kisha ukarudi vile vile kama hapo kwanza. Nilikuwa nimekwisha kutoa fedha mara mbili, na chombo bado kinalia.

Jambo lililonitia hofu ni kwamba nilikuwa nimeahidi kuwachukua watu wanne kwenda Morogoro. Njia ya kwenda huko hushuka Mlima Kitonga. Asiyeujua mlima ule na ajue kwamba barabara yake huteremka kwa kona nyingi kando ya genge, na malori mazito huwa mbele yako na nyuma yako. Huko si mahali pa kujifunza kwamba motokaa yako ina ugonjwa.

Basi nikaenda kwa mzee mmoja, jirani yetu, aliyeendesha malori miaka mingi kabla ya kustaafu. Nikamwamkia, akaitikia, nikamweleza habari yote. Akacheka kidogo, akasema, "Mwanangu, umewauliza mafundi mlio huu ni wa kitu gani. Hukujiuliza wewe mwenyewe unalia lini. Nenda nyumbani, ukaandike."

Maneno hayo ndiyo somo letu la leo. Kabla ya kuuliza ni kitu gani kiliacho, uliza kinalia wakati gani, na kinanyamaza wakati gani.

MLIO NI NINI?

Kila mlio ni mtikisiko. Kitu kikitikisika upesi, nacho huitikisa hewa, na hewa hulipiga sikio. Katika motokaa, milio myembamba ina asili mbili kubwa.

Ya kwanza ni vitu viwili visuguanavyo. Tazama upinde wa zeze: upinde hunata juu ya uzi, kisha huteleza, kisha hunata tena, mara mamia katika sekunde moja, na huko kunata na kuteleza ndiko kuimbishako zeze. Bawaba ya mlango isiyotiwa mafuta hufanya vivyo hivyo. Hali kadhalika mkanda juu ya puli, pedi ya breki juu ya diski, na bushi ya mpira juu ya chuma.

Asili ya pili ni hewa ipitayo mahali pembamba, au ipitayo kando ya kitu chembamba, kama katika filimbi au katika mluzi wa mdomo wa mtu.

Sasa twaweza kuona kwa nini mlio huja na kuondoka. Kunata na kuteleza hutaka hali iliyo sawasawa kabisa: joto fulani, unyevu fulani, mwendo fulani, na mgandamizo fulani. Hali moja ikibadilika, mlio hunyamaza, ingawa ubovu ungalipo. Basi mlio kunyamaza si dalili ya kupona. Lakini kubadilika huko, ambako humsumbua mtu asiye na subira, humfaa sana mtafutaji. Maana kila mlio unyamazapo hukupa habari ya mahali ulipo.

DAFTARI NA MASWALI SABA

Chukua daftari na kalamu, uviweke ndani ya motokaa. Kila mlio usikikapo, simamisha motokaa mahali pa salama, kisha andika majibu ya maswali haya:

1. Je, ni asubuhi chombo kikiwa baridi, au baada ya kwenda mwendo mrefu?
2. Je, kuna mvua, umande au vumbi?
3. Je, mlio husikika motokaa ikiwa imesimama na injini ikizunguka, au ikienda tu?
4. Je, ulikuwa unakanyaga breki, au unakanyaga mafuta, au hukukanyaga kitu?
5. Je, barabara ilikuwa imenyoka, au ulikuwa ukikata kona? Kona ya kulia au ya kushoto?
6. Je, mlio huongezeka upesi kadiri ya mwendo wa gurudumu, au kadiri ya mwendo wa injini?
7. Je, motokaa ilikuwa tupu au imebeba watu na mizigo?

Usiandike, "Leo imelia sana." Neno hilo halimfai fundi. Andika, "Imelia baada ya kilomita 10, kwenye kona ya kulia, bila breki, ikanyamaza nilipogusa breki." Mtu aletaye maneno kama haya kwa fundi amekwisha kuifanya nusu ya kazi.

Na sharti moja kubwa: ukijaribu dawa, badili kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Ukibadili mkanda, ukatia grisi, na kukaza nati siku moja, mlio ukinyamaza hutajua ni kipi kilichoponya. Na ukirudi hutajua pa kuanzia.

KUGAWA MOTOKAA KATIKA MAFUNGU

Mwindaji hatafuti paa katika pori zima kwa mara moja. Hutazama nyayo, akaacha upande huu na kufuata ule. Nasi tufanye hivyo.

Kwanza, simamisha motokaa, funga breki ya mkono, acha injini izunguke. Mlio ukisikika, chanzo kimo katika injini au katika vitu vinavyozungushwa nayo. Magurudumu na propela hayamo, maana yamesimama.

Pili, ikiwa hausikiki hapo, enda katika uwanja ulio sawa, usio na watu, kwa mwendo mdogo, kisha toa gia na kuiacha motokaa iende yenyewe kidogo. Mlio ukiendelea na kupungua pole pole pamoja na magurudumu, basi si wa injini. Jaribio hili lisifanywe kwenye mteremko hata kidogo; wala injini isizimwe, maana ikizimwa breki na usukani huwa vizito.

Tatu, hesabu. Gurudumu la motokaa ndogo likizunguka mara moja huenda kadiri ya mita 2. Kwa mwendo wa kilomita 20 kwa saa, gurudumu huzunguka karibu mara 3 katika sekunde moja. Tia alama ya chaki ubavuni mwa mpira, umwombe mwenzako asimame kando, mbali kidogo, aitazame alama na kusikiliza. Kama mlio ni mmoja kwa kila mzunguko wa alama, tafuta katika gurudumu lenyewe au breki yake. Kama milio ni mitatu au minne kwa mzunguko mmoja, na motokaa ni ya kusukumwa na magurudumu ya nyuma, itilie shaka propela, maana aghalabu huzunguka mara tatu au nne gurudumu lizungukapo mara moja. Kama mlio haukatiki hata kidogo, yawezekana ni wa injini, ambayo hata ikizunguka pole pole huzunguka mara 10 na zaidi kwa sekunde, na sikio haliwezi kuhesabu hivyo.

MAHALI PANAPOLIA MARA KWA MARA

Mkanda wa injini. Mkanda huu huzungusha alteneta, na katika motokaa nyingi huzungusha pia pampu ya maji na mashine ya ubaridi. Aghalabu hulia asubuhi penye umande, injini inapowashwa, au mtu awashapo taa kubwa, au usukani ukatwapo mpaka mwisho ikiwa pampu ya usukani huendeshwa na mkanda huo. Maana hapo kazi ya mkanda huongezeka. Kuna jaribio jepesi. Injini ikizunguka, nyunyiza maji kidogo upande wa mkanda wenye mifereji, kwa chupa ya kunyunyizia, ukisimama mbali na feni. Mlio ukipotea kisha ukarudi maji yakaukapo, huenda puli hazikukaa katika mstari mmoja. Mlio ukizidi, mkanda unateleza, maana haukukazwa vema au umekwisha. Usidanganywe na macho: mikanda mingi ya siku hizi haipasuki-pasuki kama ile ya zamani, mifereji yake hulika polepole, na mkanda uliokwisha waweza kuonekana mzima. Usipake sabuni wala mafuta ili unyamaze. Mafuta huharibu mpira, na mkanda hukatika njiani.

Beringi za puli, za alteneta na za pampu ya maji. Hizi hulia hata mkanda ukiwa mpya. Chukua kijiti kirefu kikavu, uweke ncha moja juu ya kasha la chombo lisilozunguka, na ncha ya pili karibu na sikio. Penye ubovu utasikia kukwaruza wazi kuliko mahali pengine.

Breki. Tutasema zaidi baadaye. Kwa sasa ijulikane kwamba motokaa iliyolala nje usiku wa mvua huweza kulia breki zake asubuhi, kwa sababu ya kutu nyepesi juu ya diski. Mlio huo huisha baada ya kufunga breki mara chache, wala hauna hatari. Pia kijiwe kidogo cha barabara ya changarawe huweza kuingia kati ya diski na bati lake, kikalia kwa sauti ya kutisha. Mara nyingi hutoka motokaa ikirudishwa nyuma pole pole.

Maungio ya propela, ambayo mafundi huyaita krosi. Yakikauka grisi hulia kama ndege mdogo, kwi, kwi, kwi, motokaa iendapo pole pole, na mwendo ukizidi hayasikiki. Mwenye motokaa ya shamba asingojee. Yenye chuchu za grisi itiwe grisi kwa wakati wake, maana krosi ikivunjika propela yaweza kuanguka barabarani.

Bushi za mpira na springi. Hizi hulia motokaa ipitapo mashimo na matuta, hasa wakati wa kiangazi, na hunyamaza siku ya mvua. Jaribu kuzimwagia maji yenye sabuni kidogo, moja baada ya moja. Ile ambayo ikilowa mlio hunyamaza, ndiyo yenyewe. Usizipake mafuta ya injini wala grisi ya kawaida, maana huvimbisha mpira na kuuoza.

Hewa ndani ya injini. Mpira wa hewa ukipasuka, injini ya petroli hupiga mluzi ikizunguka pole pole, na mluzi hubadilika ukanyagapo mafuta. Injini ya dizeli yenye taabo hupiga mluzi zaidi ipandapo mlima na mzigo, na nguvu zake hupungua.

Upepo nje ya motokaa. Huu husikika katika mwendo mkubwa tu, nao hubadilika upepo ugeukapo. Mtaalamu wa Ucheki, Vincenc Strouhal, alipima jambo hili mwaka 1878, akaona kwamba hewa ipitapo kando ya waya huimba kwa kadiri ya mwendo wake na unene wa waya. Antena ya redio yenye unene wa milimita 6, motokaa ikienda kilomita 80 kwa saa, hutoa mtikisiko zaidi ya 700 kwa sekunde, nao ni mluzi kamili. Ndiyo maana antena nyingine zimezungushiwa uzi kama nyoka ajizungushavyo mtini: uzi huo huvunja mpangilio wa hewa. Keria ya juu nayo hupiga mluzi. Kwa kujaribu, iondoe keria, au ziba nafasi za milango na kioo kwa utepe wa karatasi wenye gundi, nafasi moja kwa safari moja, hata upate ile inayoimba.

TAHADHARI

Kabla ya kutia mkono wako mahali popote, soma maneno haya mara mbili. Asiingie mtu chini ya motokaa iliyoinuliwa kwa jeki peke yake; sharti iwekwe juu ya vigingi madhubuti vya chuma, na magurudumu yaliyobaki chini yazuiwe kwa mawe au magogo. Karibu na injini inayozunguka usivae kanzu, shuka, skafu wala shati la mikono mipana, na mwenye nywele ndefu azifunge. Feni ya umeme huweza kuanza kuzunguka yenyewe hata injini ikiwa imezimwa, basi usitie vidole humo. Wala usifungue kifuniko cha rejeta ikiwa moto. Na dereva asitafute mlio huku akiendesha. Kazi ya kusikiliza ampe mwenzake.

JINSI CHANZO KILIVYOPATIKANA

Sasa narudi kwa motokaa yangu. Niliandika kwa siku nne. Nilipoyasoma yote pamoja nikaona mambo ambayo sikuyaona yakiwa mbali mbali. Asubuhi motokaa ilikuwa kimya. Mlio ulianza baada ya kilomita 8 au 10. Haukusikika hata mara moja nikiwa nimesimama. Ulizidi kwenye kona za kulia. Na jambo la ajabu kuliko yote: kila nilipogusa breki kidogo, ulinyamaza, nilipoiachia, ukarudi.

Kwa kuwa haukusikika motokaa ikisimama, mkanda haukuwa na hatia. Kwa kuwa ulizidi kwenye kona za kulia, ambapo uzito hulalia upande wa kushoto, nilitazama gurudumu la kushoto. Tukaenda katika uwanja wa mpira na mwalimu mwenzangu, tukatia alama ya chaki, tukahesabu. Mlio mmoja kwa mzunguko mmoja. Na kwa kuwa breki iliunyamazisha, mzee akasema, "Basi usitafute mbali. Fungua breki ya gurudumu hilo."

Fundi wa tatu alilivua gurudumu mbele yetu. Pedi ya nje ilikuwa nene bado, kadiri ya milimita 6. Akasema, "Mwalimu, hii ni nzima." Mzee akamwambia, "Fundi, tuoneshe na ya ndani." Akaitoa. Pedi ya ndani ilikuwa haikufika milimita 2, hali pedi mpya huwa na milimita 10 hivi.

Pedi nyingi za siku hizi hutengenezwa na kijibati kidogo cha chuma ubavuni. Pedi ikiwa nene, kijibati hakigusi kitu. Ikiwa karibu kwisha, hugusa diski na kulia, kusudi dereva apate habari mapema. Mara nyingi ukikanyaga breki kijibati hubanwa, kisiweze kutikisika, ndipo hunyamaza. Watu husikia hivyo wakasema, "Si breki, maana nikifunga breki hainung'uniki." Kumbe ni kinyume chake.

Kwa nini basi pedi moja ilikwisha na mwenzake bado? Kalipa, yaani kile chuma kishikacho pedi mbili, sharti iteleze juu ya pini zake ili kubana pande zote sawasawa. Pini zangu zilikuwa zimekauka na kushika kutu. Pedi ya ndani iligandamizwa, isirudi, ikasuguliwa siku zote. Na chuma kilipopata moto baada ya kilomita chache, ilizidi kubana, ndipo kijibati kikagusa. Nasi tukafahamu pia kwa nini mlio ulinyamaza juma zima baada ya beringi mpya. Fundi yule, ili aifikie beringi, aliiondoa kalipa na kuirudisha. Kwa kufanya hivyo pini zililegea kidogo. Alizishika pedi mkononi mwake asizitazame, maana hakuwa akitafuta ugonjwa wa breki.

Pini zikasafishwa, zikatiwa grisi iliyo maalumu kwa breki, na pedi mpya zikawekwa kulia na kushoto pia, maana pedi hubadilishwa kwa jozi za magurudumu mawili, wala si upande mmoja. Mlio ukaisha. Kazi yote haikumaliza saa mbili, na gharama yake ilikuwa chini ya ile niliyolipa kwa beringi isiyokuwa na ubovu. Siku ya pili yake niliwachukua wale wanne, tukashuka Kitonga kwa gia ndogo, kimya kabisa. Kama ningalipuuza, pedi ingalikwisha kabisa, chuma kingalisugua chuma, na breki ingalidhoofika pale pale ambapo breki moto hutakiwa kuliko mahali popote katika safari ile.

MANENO YA MWISHO

Wahenga husema, dalili ya mvua ni mawingu. Mlio ni wingu la motokaa. Si kila wingu lina mvua, maana kuna mlio wa umande na mlio wa upepo usiodhuru mtu. Lakini mlio wowote utokao katika gurudumu utafutwe siku ile ile, wala watu wasipakiwe mpaka ujulikane. Wala tusiseme kwamba motokaa isiyolia ina breki nzima, maana pedi nyingine hazina kijibati kile, na nyingine huonya kwa taa tu. Kwa hiyo pedi zote zipimwe kwa macho, za nje na za ndani, kila gurudumu livuliwapo.

Tena tusiwalaumu mafundi bure. Fundi hawezi kutibu asichokisikia. Mgonjwa aendaye kwa daktari hueleza maumivu yalianza lini na huzidi saa ngapi. Motokaa haina kinywa, basi mwenyewe awe kinywa chake. Fundi aliyepewa habari kamili hubahatisha kidogo, na mwenye motokaa aliyeandika habari hizo halipi kwa kubahatishiwa.

MASWALI KWA WANAFUNZI

1. Kwa nini mlio kunyamaza si dalili ya kupona?
2. Motokaa hulia ikiwa imesimama na injini ikizunguka. Ni vyombo gani viwezavyo kuachwa katika kutafuta?
3. Gurudumu huenda mita 2 kwa mzunguko mmoja. Motokaa ikienda kilomita 36 kwa saa, gurudumu huzunguka mara ngapi kwa sekunde?
4. Mtu asema, "Nikikanyaga breki mlio huisha, kwa hiyo breki ni nzima." Mjibu.
5. Kwa nini haifai kubadili vitu viwili kwa mara moja?